Viluwiluwi Waliolelewa Gizani

Mimi si mgomvi, lakini kwa ile stoo ningepigana na yeyote. Miaka ile ya mkataba wa amani, kabla ya kura ya maoni ya Sudan Kusini, nilifundisha bayolojia katika shule ya sekondari huko New Site, Juba. Nyuma ya shule kulikuwa na stoo ya mabati, kipofu upande mmoja na dirisha dogo upande wa pili, nami niliitamani kuliko nilivyowahi kumtamani mwanamume. Niliitaka iwe maabara. Wanafunzi wangu walimjua chura kwa chaki tu, na mimi sijui kuchora. Chura wangu ubaoni alikuwa kiazi chenye miguu.

Mwalimu mkuu, ambaye sote tulimwita mudir, aliitaka stoo hiyohiyo aweke jenereta. Alikuwa mwenyeji aliyesomea Uganda, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Tangu mvua za kwanza nilikuwa nimemsumbua kuhusu lile paa. Mabati yake yalikuwa yameshaezeka nyumba nyingine kabla ya kuletwa kwetu, kwa hiyo yalikuja na matundu ya misumari ya kule yalikotoka. Niliyajua yote. Nilijua lipi linatonea madaftari na lipi linasubiri shingo yangu. Kila nilipolalamika mudir alisema, "Malesh, madam," neno ambalo Juba lina maana ya pole, na samahani, na niache nipumzike.

Mwishowe alichoka nami, akanipa sharti. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia. Nikiwaonyesha wazazi kitu cha kuwafanya wapige makofi, stoo ni yangu. Nikishindwa, jenereta inaingia, na kwa kuwa ukuta wake ndio ukuta wa darasa langu, nitafundisha kwa ishara.

Nilijua mara moja nitaonyesha nini. Chuoni kulikuwa na somo moja tu lililonikosesha usingizi kwa furaha, nalo lilihusu macho ya kiluwiluwi wa chura. Kiumbe huyu wa dimbwini, kichwa na mkia tu, anapokua, jicho lake hutuma nyuzi za neva hadi kwenye ubongo. Nyuzi hufika zimevurugika, zinapapasa huku na kule zikitafuta pa kushika. Sehemu kubwa ya kazi ya kuzinyoosha hufanywa na kule kuona kwenyewe. Kitu kikipita mbele ya jicho, nyuzi zinazoamshwa pamoja hushika imara, na zilizokosa kazi hunywea. Kwa hiyo anayeona vingi hujengeka kuona zaidi. Mimi jambo hilo lilinigusa sana, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikulia nyumba yenye madirisha madogo.

Nikachota viluwiluwi kwenye dimbwi la nyuma ya shule, nikawagawa katika mabeseni mawili. Wa kwanza ningewalea kwenye mwanga, barazani kwangu. Wa pili ningewalea gizani, stoo. Kisha mbele ya wazazi ningewapitishia vidoti vyeusi chini ya bakuli la kioo. Wa mwangani wangevikwepa, wa gizani wangeogelea juu yake bila habari, watu wangepiga makofi, nami ningeingia maabarani kwangu.

Nyumbani niliishi na Mkenya mwenzangu, dada wa benki pale Hai Jalaba, mwenye bakuli la kioo la kuokea ambalo alilipenda kama mtoto. Sisi Wakenya wa Juba enzi hizo hatukuogopa kitu kama malaria. Tulikuwa na neti kitandani, neti dirishani, neti juu ya sufuria. Alipoona beseni la maji limetuama barazani, dada alitangaza kwamba halali nyumba moja na kiwanda cha mbu. Basi tukafunika beseni kwa neti. Ile neti ilikuwa na tundu, tukaongeza ya pili. Zote nyeupe, na beseni jeupe. Tulijiona watu wazima wenye akili.

Kule stoo niliziba dirisha kwa katoni. Beseni lenyewe sikulifunika, maana kwa joto la Juba ningekuta supu. Nilikwenda kuwalisha mchicha wa kuchemsha alfajiri na jua likishatua, kwa tochi niliyoifunga kitambaa chekundu, nikinyata. Sikuwahi kukanyaga mle mchana, nisije nikavunja giza langu.

Siku ikafika. Wazazi walijaa chini ya turubai, nami nikawaeleza kwa majigambo yote niliyokuwa nayo kitakachotokea. Nikaanza na wa mwangani. Nikavuta kadi ya vidoti chini ya bakuli. Wakaogelea juu ya vidoti bila kupepesa. Nikavuta tena. Mmoja akagonga kioo.

Nikawaondoa, nikawamimina wa gizani, niliowatoa stoo alfajiri ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kidoti kikija, wanakata kona. Kikija upande wa pili, wanageuka wote. Turubai zima likaangua kicheko, na kina mama wa mbele wakawa wanawashangilia kwa majina waliyowapa papo hapo.

Mudir aliniinamia. "Madam, sasa giza ndio chakula ya macho?"

Hakuwa ananicheka, na hilo ndilo lililoniuma. Niliondoka mbiombio kwenda stoo kumjua mshenzi aliyeacha mlango wazi, mudir nyuma yangu. Mlango ulikuwa umefungwa. Tukaingia, nikaubamiza nyuma yetu, tukasimama.

Ilikuwa adhuhuri. Kutoka kila tundu la msumari jua lilikuwa limeshusha kidoti chake, na kwa kuwa mwarobaini wa nje ulikuwa unatikiswa na upepo, vidoti vilikuwa vinacheza. Vilicheza kwenye maji ya beseni, kwenye viti vibovu, kwenye shati la mudir. Mimi niliyeyajua matundu yale yote kwa maji yake sikuwahi kuwaza hata siku moja kwamba panapopita mvua hupita na jua. Wale wa stoo walikuwa wamekulia sinema. Wangu wa barazani, chini ya neti mbili nyeupe, walikuwa wamepewa mwanga wote wa Juba na hakuna hata kitu kimoja cha kutazama.

Nilicheka hadi nikakaa chini. Kisha nikawaita wazazi, wakaingia kwa zamu, mlango ukifungwa na kufunguliwa, nikawaeleza upya kwa unyenyekevu. Wakatazama juu, wakapiga makofi. Walilipigia paa.

Mudir alitimiza ahadi, jenereta ikaenda kwingine. Mvua zilizofuata nilifundisha maabarani kwangu, chaki mkono mmoja, mwavuli mkono wa pili. Siku moja, maji yakinitiririka mgongoni, nilimwita mlangoni nikamwomba walau aje fundi na lami.

Alitazama yale matundu kwa heshima, kisha akanitazama mimi.

"Madam, unataka watoto ya chura iwe kipofu?"

Nikasogeza beseni likinge tone.