Siku Chuma Kilipolia

Jumatano, tarehe kumi na nne Aprili. Aliamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na moja alikuwa uwanjani akikimbia na wenzake mstari hadi mstari. Saa mbili hadi saa tano alikuwa katika mhadhara wa hesabu, macho ubaoni, roho kitandani. Saa sita alikula akiwa amesimama. Saa nane alitakiwa awe karakanani kwa somo la kulehemu, na saa nane hiyo hiyo alikuwa peke yake chini ya goli, akirusha mpira. Saa kumi timu ilirejea, mazoezi yakaanza upya.

Hiyo ilikuwa Jumatano yake ya nne kuikwepa karakana.

Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi wa mitambo, binti mrefu ambaye bweni zima lilimwita Mlingoti. Kila alipoinama kupita mlangoni hakukosekana wa kumchokoza: "Mlingoti, leo bendera hatupandishi?" Naye alicheka nao, maana urefu wake ndio uliompa nafasi katika timu ya chuo ya mpira wa kikapu. Urefu huo, na pete ya baba yake.

Baba yake alikuwa fundi wa kuchomelea: mageti, vitanda, nondo za madirisha. Siku moja alimkuta binti yake, wakati huo ana miaka kumi, akirusha mpira katika ndoo iliyotobolewa kitako. Alikata nondo, akaikunja duara, akaichomelea juu ya nguzo ya chuma pale uani. Uwanja wa kikapu alikuwa hajapata kuuona. Aliupima mpira wenyewe, akaongeza upana wa kidole kila upande, akaridhika.

"Mpira ukipita, yatosha," alisema. "Mlango haupanuliwi kwa ajili ya mgeni mmoja."

Kwa miaka minane binti akarusha mpira kwenye pete finyu kuliko zote duniani, bila kujua kuwa ni finyu. Mpira uliogusa chuma ulirudi. Uliopita katikati, kimya, ndio ulioingia. Baba alikuwa akifanya kazi ameipa pete mgongo, kinyago cha kuchomelea kimefunika uso, na bado alihesabu. Chuma kilipolia, alipaza sauti: "Umekosa!" Kilipokaa kimya, alinyamaza naye, na binti akajua kwamba baba anatabasamu ndani ya kinyago. Alipofika chuoni na kuziona pete za huko, pana kama karai, nusura aangue kicheko.

Kisha macho ya baba yakaanza kumtupa mkono. Daktari alisema ni presha ya macho, na hakumficha kitu: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki hakitamaliza mwaka. Baba alimpigia binti simu jioni hiyo hiyo.

"Mama," alisema, kama alivyozoea kumwita, "fainali yenu lini?"

"Mwisho wa Aprili, Baba."

"Basi nitakuja. Nikuone mara moja kabla taa haijazimika."

"Utaniona. Nitaanza kwenye watano wa kwanza, nakuahidi."

Ahadi hiyo ndiyo iliyomwibia Jumatano zake. Ili mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanze kwenye watano, alihitaji saa moja zaidi chini ya goli, na siku yake haikuwa na saa ya ziada. Hesabu aliziogopa, michoro ilikuwa ikimtoa jasho. Kulehemu tu ndiko alikokujua kama anavyolijua jina lake, kwa kuwa aliishika fimbo ya kuchomelea tangu ana miaka kumi na miwili. Akaiba pale alipodhani pana mali yake mwenyewe.

Wiki moja kabla ya fainali, mwalimu wa karakana alimwita. Alikuwa mzee mfupi, mikono imejaa makovu ya cheche.

"Hukuhudhuria mara nne. Kwa kanuni ya chuo, mtihani wa karakana hufanyi mwaka huu."

"Mwalimu, kulehemu nakujua. Nipe vipande viwili vya chuma sasa hivi uone. Baba yangu ni fundi."

"Basi angekuja baba yako kujiandikisha." Mzee alivua miwani, akaifuta taratibu. "Wahenga walisema mwana wa mhunzi asiposana, huvukuta. Wewe hukusana chuma, wala hukuvukuta moto. Wenzako walikuja hawajui kitu, wakaungua vidole, wakarudi tena. Niwaambie nini wao?"

Kanuni ya pili binti aliijua tangu wiki ya kwanza: aliyezuiwa mtihani mmoja haruhusiwi kuvaa jezi ya chuo hadi alirudie somo hilo.

Kocha hakufoka. Laiti angefoka. Alitazama chini, akasema, "Utakaa benchi na wenzako, na koti la timu. Zaidi ya hapo sina uwezo, binti yangu."

Alimpigia baba simu mara tatu ili amwambie. Mara ya kwanza baba alimtangulia kusema kwamba amenyoa nywele. Mara ya pili, kwamba amenyoosha shati jeupe mwenyewe kwa kupapasa, na hakuliunguza. Mara ya tatu alicheka tu: "Nimemwambia kila mteja geti lake lingoje. Naenda kumtazama mtoto."

Siku ya fainali baba aliketi mstari wa pili, mikono juu ya magoti kama mtu aliye msikitini au kanisani. Kwake uwanja ulikuwa vivuli vinavyopishana. Katika vivuli hivyo alimwona mmoja mrefu kuliko wote, akasimama na kupiga makofi. Huyo alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, aliyepewa nafasi ya Mlingoti. Kutoka benchi, binti alimwona baba yake akimwonesha jirani kidole: "Yule! Yule pale ni wangu!" Jirani akaitikia kwa kichwa, kwa heshima.

Yule mwenzake alicheza kwa bidii, lakini mipira yake mingi iligonga pete. Ngaa! Ngaa! Kila chuma kilipolia, makofi ya baba yalipungua kidogo. Kabla ya robo ya mwisho alikuwa ameketi, kichwa amekiinamisha upande mmoja, akisikiliza.

Walifungwa kwa pointi nne. Binti alitoka kwa mlango wa nyuma, akalizunguka jengo mbio mara mbili, koti amelivaa, mpaka jasho likamtiririka. Ndipo alipokwenda kumkumbatia baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mama." Alimpapasa uso, akauona umelowa, akausikia moyo unavyokwenda mbio. "Umechoka. Mmefungwa, lakini... nimekuona."

Walitembea hadi kituo cha basi, binti amemshika kiwiko. Njiani baba alisimulia safari yake, na abiria aliyemlalia begani akikoroma. Walicheka wote wawili. Basi likawasha injini.

"Chuma kimelia sana leo," alisema baba.

Maneno yote aliyoyaandaa kwenye zile simu tatu binti alikuwa bado nayo. Yaliyotoka ni mengine.

"Pete za hapa ni ngumu, Baba."

"Ee. Huenda ni pete."

Hakusema tena kwamba amemwona. Alitoa leso mfukoni, akaikunjua, akaiweka mkononi mwa binti. "Jifute jasho hilo. Si la kukaa nalo kwenye baridi." Kisha akapanda, akiipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu, na binti akabaki amesimama na leso kavu mkononi mpaka basi likakata kona.

Muhula uliofuata alilirudia somo la karakana tangu mwanzo, pamoja na wageni walioungua vidole, na hakukosa Jumatano hata moja.

Mwaka mmoja baadaye alicheza fainali dakika zote arobaini, na mipira yake karibu yote ilipita kimya. Baba yake, taa sasa imezimika, aliketi tena mstari wa pili, ndani ya shati lile jeupe, akatazama mlango wa kuingilia kwa robo nzima ya kwanza, hadi mtu aliyeketi kando yake alipomshika mabega na kumgeuza kuelekea uwanjani.