Ndizi Sikuziandika

Siku ile naikumbuka mpaka rangi ya daftari. Lilikuwa la kijani, nami nilikuwa nimekaa mlangoni kwetu kijijini Mabira nikipiga hesabu ya maisha ya Mwanza, maana nilikuwa nimepata kazi ya ukarani huko. Niliandika kodi ya chumba, nauli, mafuta ya taa, sabuni, hata viatu vya kwenda kanisani. Jumla ikatoka ndogo kuliko mshahara, nikacheka peke yangu. Nilijiona msomi kweli.

Chakula, mwanangu, mimi shangazi yako sikukiandika. Utanicheka, lakini msichana aliyekulia kibanjani, katikati ya migomba, angejuaje kwamba ndizi hununuliwa? Mwanza nilizikuta sokoni kwa bei iliyonirudisha chumbani na kikapu kitupu. Badala ya kurekebisha daftari, nikamwandikia mama barua. Tangu hapo, kila baada ya wiki mbili akanitumia mkungu mkubwa kwa basi. Nikahamia chumba chenye dari, nikawaambia wenzangu kwamba mshahara wangu unatosha na kubaki.

Mwaka wa pili nilikwenda likizo bila kutoa taarifa. Nilimkuta mama anakula viazi vitamu vitupu, na ndani hamna ndizi hata chane moja. Alinikumbatia kwa furaha, kisha akatoka kimyakimya kwenda kuomba ndizi kwa jirani, ili binti yake asile viazi. Alitembea ameshika kiuno.

Shangazi yangu, dada wa baba, alikuwa amekaa pale pale. Nikamwamkia.

"Marahaba," aliitika. "Umependeza. Mama yako hubeba mkungu wako kichwani mpaka barabarani, na nauli ya basi analipa yeye. Sasa niambie, kwenye hesabu yako ya mshahara, yeye ulimwandika wapi?"

Aibu ile ninayo hadi leo.

Niliporudi Mwanza nilikihama chumba chenye dari, nikaanza kununua chakula changu mwenyewe. Lakini mgongo wa mama, ulioumizwa na mikungu ile, haukupona. Aliishi miaka mingi baadaye, ila hakuwahi tena kufika barabarani kunisindikiza. Tuliagana mlangoni tu.

Sasa wewe umeitwa kazini Dodoma, na jana ulinionyesha hesabu yako kwenye simu. Umeweka kodi, umeme, bando. Kwenye chakula umeandika "kitatoka nyumbani". Futa maneno hayo, mwanangu. Andika kila kitu kwa bei ya soko la huko, maharage na ndizi pia, kisha uangalie kama mshahara bado unatosha. Usipotosha, omba uongezewe, au chukua chumba kidogo zaidi. Usizibe pengo kwa mgongo wa mama yako, kwa sababu yeye hatakuambia kwamba unauma.

Nenda salama. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, na kila ukija likizo akujalie umkute mama yako ana nguvu za kukusindikiza mpaka barabarani.