Kiatu Kisicho na Mguu

Walinishusha makaburini kabla sijafika nyumbani. Gari la misheni lilitoka Nachingwea mjini, likashika njia ya Mkotokuyana, na pale penye kanisa likakata kulia. Nikamwambia dereva, "Nyumbani ni mbele." Mjomba wangu, kaka yake mama, alikaa mbele naye. Akasema bila kugeuka, "Shuka kwanza, mpwa wangu. Tumsalimie mama yako."

Nilishuka na boksi la viatu mkononi. Nilidhani mama yuko kanisani kwenye usafi wa Jumamosi, na nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Mbele yangu palikuwa na kaburi ambalo udongo wake umeshakaa, majani yameota juu yake na kukauka. Msalabani jina la mama, na mwezi wa kumi na moja. Sisi tulikuwa mwezi wa sita.

Niliyelia ni mimi peke yangu. Wenzangu walishamaliza kulia zamani, na matanga yalishaanuliwa.

Nirudi nyuma ili mtu aelewe. Mama aliungua mguu wa kushoto akiwa mtoto, moto wa kusafishia shamba. Vidole viwili vya mwisho havikuwepo, na juu ya wayo palikuwa pamevimba siku zote. Maisha yake yote alivaa ndala iliyofungwa kwa kitambaa. Mimi niliishia darasa la saba, nikapata kazi kwenye karakana ya hospitali ya misheni, kutengeneza magongo na viatu vya wagonjwa wa miguu. Tulikata kwa kukisia tu. Ilipotokea nafasi ya mtu mmoja kwenda Ufaransa miezi kumi kujifunza kazi ile vizuri, paroko alinitaja mimi, mtu mzima mwenye mvi. Mama akasema, "Nenda. Ukirudi, kiatu cha kwanza kiwe changu." Nikauchora mguu wake kwenye boksi la sabuni, nikaukata mchoro, nikautia kwenye begi.

Kule nilikaa mji mdogo, chumba juu ya duka la kufulia nguo. Joto la mashine lilipanda mpaka sakafuni kwangu, ndilo lililonivusha baridi. Jibini niliikimbia wiki mbili, ya tatu nikawa namaliza na ya wenzangu. Jumapili kanisani tulikuwa watu tisa, na waliimba kama wanaogopa kumwamsha mtoto. Lugha sikuiweza sana. Mwalimu wetu, mzee wa mikono mikavu kwa gundi, alishika mkono wangu akauweka juu ya plasta, akasema neno, nami nikalisema. Hivyo ndivyo nilivyosoma.

Darasani wengine walikuwa na miaka kumi na tisa, ishirini. Kila asubuhi niliwapa mkono mmoja mmoja, meza hadi meza, mpaka msichana wa meza ya jirani akaniambia, "Mjomba, wewe ukimaliza kusalimia ni saa ya chakula." Tukacheka. Siku nilipolala na mafua, kesho yake ananiambia jana hakuna aliyejua kazi inaanza saa ngapi.

Nyumbani nilipiga simu kila Jumapili baada ya misa. Mama hakuwa na simu, nilipiga kwa dada yangu mdogo aliyekuwa akiishi naye. Kuanzia mwezi wa kumi na moja mama akawa hapatikani. "Kaenda kuokota korosho, kaka." Jumapili nyingine, "Kaenda Chiola kwa mama mdogo." Nyingine, "Kalala, kichwa kinamgonga."

Hapo ndipo ninapojilaumu. Mama hakuwa ameokota korosho miaka na miaka. Na mguu ule ainame kutwa nzima? Korosho za mama alikuwa akiokota dada huyo huyo. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu, lakini nikasema, "Haya, msalimie." Swali la pili sikuuliza. Kiatu kilikuwa hakijaisha, na nilitaka kukimaliza.

Mwezi wa pili mwalimu akasema mchoro hautoshi, anataka kipimo cha kuzunguka juu ya wayo. Nikampigia dada. "Chukua kamba, mzungushe mama pale panapovimba, halafu uilaze kwenye rula." Nikasikia sauti kwa nyuma, "Mpimie."

"Mjomba yupo hapo?"

"Kaja kutuona."

Kisha akanitajia: sentimita ishirini na mbili. Mimi nilikisia ishirini na sita.

"Mbona umepungua?"

"Dawa, kaka. Zimemsaidia."

Nilifurahi sana. Nilimwonyesha mwalimu kwa vidole kwamba uvimbe umeshuka, akanipiga bega. Nikaikata ngozi kwa kipimo hicho. Kiatu kile ndicho nilichofanyia mtihani, na darasa zima lilizunguka meza yangu kukitazama.

Siku ile ya makaburini, tulipofika nyumbani, dada alipiga magoti. "Nilipima wa kwangu, kaka. Mjomba alisema." Nikamwambia akivae. Juu ya wayo kilimkaa kama ngozi yake mwenyewe, lakini vidole vyake viwili vikakosa pa kuingia. Kiatu kile hakina mguu duniani. Kipo juu ya kabati karakanani, wagonjwa hukiulizia.

Desturi naijua. Aliye masomoni mbali hapelekewi msiba, asije akavunjika moyo. Hata mimi nimeshawahi kuishika: mtoto wa jirani alikuwa kwenye mitihani ya chuo, babu yake akafa, tukanyamaza wiki mbili. Wiki mbili, si miezi saba, na hatukumpimia mtu mguu wa marehemu.

Paroko alisoma misa ya maziko, kisha Krismasi akaniandikia kwamba nyumbani wote hawajambo. Barua ninayo. Dada alishika kamba, lakini aliambiwa. Kwetu mjomba ndiye mwenye kauli, na aliyesema "Mpimie" ni wewe, mjomba. Unakaa Ruangwa, unatembea, unasikia vizuri.

Mama aliugua siku tatu. Dada anasema siku ya pili aliuliza, "Mwanangu ameambiwa?" Na wewe, uliyekuwa umekuja kumuuguza, kwa kumtuliza ukamjibu, "Ameambiwa." Dada alikuwa ameshika beseni, alisikia. Basi mama alikufa akijua kwamba najua, na akisubiri simu yangu. Siku mbili nzima aliisubiri, mimi nikiwa nachonga kalibu, umbo la mguu wake la kushonea kiatu, na kupiga mluzi.

La kwangu nimelisema: sikuuliza swali la pili. Sasa ukoo utakutana kwenye misa ya mwaka wa mama. Usilete mbuzi, mjomba, wala usimtume mtu kuniomba msamaha. Simama mbele ya watu, paroko akiwepo, useme: simu ilikuwa mfukoni mwako, kwa nini hukumpa mama aongee nami?