Sauti Isiyovuta Pumzi

Kazi ya mume wangu ilikuwa kutia sauti filamu za kigeni. Filamu ikifika, alijifungia kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akaitazama mara mbili, halafu akawasemea wote peke yake: jambazi, bibi harusi, askari, hata mbwa akibidi. Mtaani walimwita Mzee Sauti. Jumapili mtu huyohuyo alisoma neno mbele ya madhabahu, maana ni mzee wa kanisa, na wapo waumini walioapa kwamba walimsikia jambazi ndani ya nyaraka za mitume. Nilicheka nao. Nani asingecheka?

Zilizompa jina hasa ni filamu za maroboti. Alikuwa na masharti yake. Akimsemea binadamu, alivuta pumzi kwanza, ukaisikia. Akimsemea roboti, alibana pumzi na kuitoa sentensi nzima bila kuhema, mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Na kwake roboti hafi, anazimika. Kuna filamu moja roboti aliyelea mtoto anakatiwa umeme, ukumbi mzima unalia kwikwi. Mume wangu akachomeka maneno yake mwenyewe: "Msimlilie jamani, huyu hakupuliziwa pumzi." Watu walikasirika. Nilimwambia amewaharibia starehe.

"Bibie," akanijibu, "mtu alifinyangwa kwa udongo, akapuliziwa puani na Mungu mwenyewe. Hawa wamekazwa skrubu. Mimi nikinyamaza, nani atawaambia?"

Kisha kansa ikamkalia kooni. Daktari hakuzunguka: kisanduku cha sauti kitatolewa chote, na atakuwa akipumua kwa tundu la shingoni. Mume wangu hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama pumzi ya kupitia shingoni ni ileile ya puani. Daktari akaniangalia mimi. Jibu lilitoka kwa mchungaji jioni yake: "Mungu haangalii tundu, mzee wangu." Maneno hayo yalimtuliza. Mimi hayakunituliza. Niliogopa nyumba isiyo na sauti yake, nasema wazi.

Fundi wake wa studio alikuja na mpango. Angechukua rekodi za zamani, aifundishe simu sauti ya mzee, mzee akiandika, simu iseme. Kwa kutaka sauti safi, fundi akachagua vipande visivyo na kelele wala kuhema. Vyote vilikuwa vya maroboti. Hakuna aliyelifikiria hilo, hata mzee mwenyewe.

Jumapili ya kwanza baada ya hospitali mume wangu alipewa kuongoza maombi. Akasimama, akabonyeza simu. "Bwana utuhurumie sisi tulioumbwa kwa mfano wako na sura yako" yakatoka kwa mkupuo mmoja, hakuna pa kupumulia, na kila aliyewahi kuingia ukumbi wa filamu aliijua sauti ile. Mtoto mmoja alijificha kwenye gauni la mama yake. Maombi yakaisha, hakuna aliyesema amina. Mimi nilisema, lakini kwa kuchelewa na chini chini. Mume wangu akaketi, akanishika mkono.

Tulipofika nyumbani aliandika kwenye karatasi: "Usiniache nikawa kile." Nikamwahidi kwamba sitamwacha.

Fundi akarekebisha. Safari hii alitafuta vipande vya binadamu, na pumzi zao. Siku aliyoirudisha simu, ilivuta hewa kidogo, ikasema, "Bibie, chai iko wapi?" Nililia mpaka nikaona haya. Usiku nilipolala ndipo nikajiuliza ile hewa ilivutwa na kupelekwa wapi, maana simu haina kifua. Nikageukia upande wa pili.

Vidole vya mume wangu ni vizito, kuandika sentensi moja ni kazi ya kupika chai na kuinywa. Fundi akaona atusaidie zaidi: simu ikaanza kumalizia sentensi zake, kisha ikaanza kujibu yenyewe akichelewa. Ilikuwa na utani uleule wa mzee, hasira zake za uongo, hata manung'uniko yake kuhusu chumvi. Mwanzoni mume wangu alitikisa kichwa kukubali, ndiyo, ningesema hivyohivyo. Baadaye akaacha, maana hakuna aliyekuwa akimwangalia. Wageni wakija, viti wanavigeuzia meza yenye simu. Binti yetu akipiga, anaomba kuongea na baba, namwekea ile simu. Mchungaji naye alisali nayo siku moja, wakipokezana mistari, mume wangu ameketi kati yao macho wazi. Alipoondoka mchungaji, mume wangu aliniandikia karatasi nyingine, ndefu. Nilikuwa na vyombo mkononi. Nikamwambia nitaisoma nikimaliza, na sikuisoma.

Sitajitetea. Ile sauti haikuchoka wala haikukohoa makohozi shingoni. Nikaanza kuibeba kwenda jikoni.

Alhamisi iliyopita, kama saa nne asubuhi, namenya viazi, simu inanisimulia harusi yetu, jinsi kaka yangu alivyokalia keki akiwa na suti ya kuazima. Nacheka mpaka machozi. Nikasikia kucha zikigonga fremu ya mlango mara mbili. Ndivyo mume wangu anavyoniita tangu alipopasuliwa.

"Nani huyo anagonga?" simu ikauliza.

"Hakuna mtu," nikasema, wala sikugeuka. "Endelea."

Ikavuta pumzi, ikaendelea na keki. Nyuma yangu hewa ilikuwa ikipita kwenye tundu lake la shingo, ikiingia na kutoka, inapiga mluzi mdogo. Nilipogeuka, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe kitupu. Alikuwa amekuja kuomba chai.