Taa Nyekundu ya Shangazi

Siku niliyoizima taa ya breki kwenye gari la mama naikumbuka vizuri, mwanangu, maana ndiyo siku niliyosifiwa zaidi maishani. Niliinua boneti, nikamimina mafuta ya breki kutoka kwa chupa iliyosahauliwa chini ya kiti, nikaijaza ile tangi ndogo mpaka shingoni, kisha nikapangusa mikono kwa shati la shule kama nilivyoona mafundi wakifanya. Taa ikazimika. Mama akachungulia dashibodi, akatikisa kichwa. "Kumbe karo inafanya kazi," akasema. Nikatembea kifua mbele mpaka jioni.

Huo ndio ujinga wenyewe, na nimeutanguliza ili usinisifu kama mama.

Usikasirike kwamba nakuita mwanangu. Najua niko kidato cha tatu, ndevu zangu bado zinafikiria kama zitakuja, na wewe unayesoma huenda una magari mawili na tumbo la heshima. Lakini kuna asubuhi zinazomzeesha mtu. Mimi nilipata yangu Jumamosi moja kwenye mteremko wa Bura, na tangu siku hiyo kwa mambo ya gari mimi ni mzee wa ukoo. Kaa hapo.

Gari letu tunaliita Shangazi, kwa sababu hapandi mlima bila kulalamika. Mama humpakia kabichi, nyanya na mayai ya majirani, akashuka nayo mpaka soko la Voi. Nyumbani kwetu hakuna kazi nyingine. Shangazi akikataa kuamka, sufuria nayo inakataa. Kwa hivyo taa nyekundu ilipowaka wiki ile, mama hakufanya mchezo. Alisema Jumamosi hakuna kupakia. Angemwita Fundi Musyoka apande kutoka Voi, amfungue Shangazi magurudumu aangalie.

Sasa, Jumamosi hiyo hiyo mimi nilikuwa kipa. Tulikuwa na mechi Mwatate, na usafiri wangu ulikuwa Shangazi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi sikuziba wala sikujenga. Ufa niliupaka rangi.

Na si kwamba Shangazi alinyamaza. Kila mama akikanyaga breki, gurudumu la mbele lilipiga mluzi mwembamba, kama birika linalokaribia kuchemka. Mama akiuliza ni nini hicho, nasema ni vumbi la barabara ya murram. Akiuliza tena, naongeza sauti ya redio.

Ijumaa jioni aliniita tukiwa tunafunga magunia.

"Mwakio, gari iko aje?"

"Iko sawa, mama."

"Umeangalia?"

"Iko sawa."

Basi hakumpigia fundi simu. Aliniamini, mwanangu. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo, kuliko yote yaliyofuata.

Asubuhi tukaondoka: mama kwenye usukani, mimi kando yake na glavu zangu, na nyuma dadangu Wakesho wa darasa la nne, amepakata trei ya mayai katikati ya kabichi kama malkia. Wewe mtu wa tambarare pengine hutajua hili, lakini sisi watu wa milimani tuna mazoea yetu. Gari likianza kuteremka, tunaweka gia huru na kuliacha lishuke lenyewe, eti petroli isiliwe. Tumeyarithi kama mashamba. Kila dereva wa huku akifika chini anatabasamu kama mtu aliyeiba na hakuonekana. Hatufikirii kwamba gia ikishaachia, mzigo wote, kabichi, mayai na kipa, umeshikwa na breki peke yake.

Kona ya kwanza, mluzi. Kona ya pili mluzi ukakoma, na badala yake ikaja sauti ya panga linalonolewa juu ya jiwe. Nikaunyoosha mkono kwa redio. Mama akaupiga kibao bila kuniangalia.

"Wacha hiyo. Kuna nini?"

Harufu ya kuungua ikaingia dirishani. Kanyagio la breki, ambalo siku zote lilikuwa gumu, likazama chini ya mguu wake kama aliyekanyaga uji. Akalipiga tena na tena. Shangazi akaongeza mwendo, na mbele yetu kulikuwa na kona ya tatu, na upande wa kushoto wa kona ya tatu hakuna kitu, ni hewa tu mpaka mashamba ya chini.

Mama hakupiga kelele. Aliingiza gia ya tatu, Shangazi akaguna, mama akashusha hadi ya pili, injini ikalia mpaka nikaziba masikio. Akaivuta handbreki kidogo kidogo, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Kisha, kabla ya kona, akaliegemeza gari upande wa mlima, likakwaruza ukingo wa udongo, likapanda rundo la mchanga ambalo mtu alimwaga hapo ajenge choo. Tukasimama tumeinama, kabichi zikitupita moja moja kuelekea Mwatate.

Halafu kutoka nyuma, Wakesho, ute wa yai ukimchuruzika usoni: "Mama, tumefika?"

Mwenye mchanga alitoka, akatutazama, akasema choo kinaweza kungoja.

Fundi Musyoka alikuja kwa pikipiki. Ni mtu wa vicheko, lakini alipofungua gurudumu la mbele hakucheka. Pedi, yale mapande mawili yanayobana diski ili gari lisimame, zilikuwa zimeisha nyama yote, kumebaki chuma kinachosaga chuma. Akanionyesha mimi, kwa kuwa nilikuwa nimechuchumaa karibu nikijifanya msaidizi.

Nami nilikuwa nimeshaamua kunyamaza. Gari ni kuukuu, mteremko ni mkali, nani angejua? Lakini fundi alipoanza kuisukuma pistoni, ile inayozibana pedi, irudi nyuma ili pedi mpya ziingie, mafuta yakapanda, tangi ndogo chini ya boneti ikafurika, yakamwagika juu ya rangi ya Shangazi.

"Nani alijaza hii?" akauliza.

Mama hakuwa ameulizwa yeye, lakini alinigeukia.

"Ni mimi," nikasema. "Nilitaka kwenda mechi."

Fundi akanieleza polepole, bila ukali. Pedi zikilika, pistoni inazifuata, na mafuta yanashuka kujaza ile nafasi. Kwa hivyo taa inapowaka, mara nyingi inakuambia pedi zimeisha, au kuna mahali panavuja. Kuongeza mafuta bila kuangalia ni kumziba mgonjwa mdomo ili asikohoe. "Na haya ya zamani yalikuwa yameshaingiwa na maji," akaongeza. "Yakipata joto la mteremko yanachemka, kanyagio linazama. Mama yako ana mkono. Mwingine angefika chini kabla ya kabichi."

Mama hakusema kitu. Siku hiyo, na kesho yake kanisani, na Jumatatu. Nikaosha vyombo bila kuombwa, nikachota maji, nikamwigiza mwalimu mkuu, kichekesho ambacho hakijawahi kunitupa. Akatabasamu upande mmoja, akaendelea kumenya viazi. Ndipo nikagundua ninachofanya: namwongezea mafuta juu, na ndani bado chuma kinasaga chuma.

Kabla sijakwambia alichosema mwishowe, mwanangu, acha nitoe nasaha, maana nikishamfikia mama sitakuwa na la kuongeza.

Mjumbe hauawi. Taa ya dashibodi ni mjumbe, na mluzi wa gurudumu ni mjumbe, na kanyagio lililobadilika ni mjumbe anayekuja mara ya mwisho. Mafuta ya breki yakipungua, uliza yameenda wapi kabla hujayajaza. Ukienda kubadilisha oili ya injini, mwambie fundi afungue na magurudumu. Oili hukusaidia kwenda, lakini kwenda si shida ya gari mlimani. Akikuwekea pedi mpya, mwombe akuonyeshe za zamani, uzishike. Mafuta ya breki nayo huzeeka, yabadilishwe yote kila baada ya muda, hata kama yanaonekana mengi. Na usimfiche fundi ulichomwaga. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kwangu kilio kilikuwa cha mayai.

Asubuhi kanyaga breki ukiwa bado uani, redio ikiwa imezimwa. Karatasi ya ukaguzi uliyopewa inasema gari lilikuwa zima siku ile. Haijui habari za leo. Teremka mlima kwa gia ile ile ambayo ungeupandia. Petroli unayodhani umeiba kwa gia huru, mlima unakuandikia deni, na mlima haupokei maelezo.

Mungu akupe breki ngumu na fundi mkweli. Akupe masikio ya kusikia mluzi na mtu wa kukupiga kibao ukitaka kuongeza redio. Ufike Voi na mayai yako.

Sasa mama. Jumanne jioni aliniita uani, pale Shangazi aliposimama na pedi zake mpya na lile doa kando ya boneti ambapo mafuta yalibabua rangi. Alikuwa ameshika kikombe cha maji. Huku kwetu Taita, hasira ukiifungia moyoni, wazee walisema inaweza kumdhuru uliyemkasirikia hata kama hutaki. Kwa hivyo unapiga funda la maji, unayatema nje pamoja na hasira yako, na unatamka mema. Tunaita kutasa. Bibi alikuwa akifanya hivyo. Mama ni wa kwaya ya kanisa, sikuwa nimewahi kumwona akitasa.

Akapiga funda. Akalitema kwa nguvu hewani, matone yakanifikia mimi na Shangazi. Akapiga jingine, akatema. Akapangusa mdomo kwa leso na kunitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

"Imetoka," akasema. "Haiko tena, na wewe uwe salama, wewe na dadako. Sasa kila Ijumaa ni wewe utaiangalia hii gari. Na nikikuuliza iko aje, usiniambie iko sawa. Niambie umeona nini."