Taa ya Marehemu

Jumanne nilipanga foleni ofisi moja ya wadi huku Kisauni, kaunti ikigawa taa za sola. Mjane aliyekuwa mbele yangu akataja jina la marehemu mumewe, maana ndiye aliyeandikishwa.

"Keshachukua, mama," karani akajibu. "Kaja mwenyewe asubuhi."

"Mwanangu, nilimzika kabla ya Ramadhani."

Karani akamgeuzia daftari. "Katia dole gumba la kushoto. La kulia hana."

Mjane akainamia ile alama. Akanong'ona kwamba la kulia mumewe alikatwa na msumeno.

"Kasema anaipeleka wapi?"

"Kwake. Kasema kuna giza mno."

Mjane akaondoka mikono mitupu. Kaunti iliahidi taa kwa kila nyumba. Sikudhani wamehesabu na zile tunazochimba kwa jembe.