Goti Yenye Kukataa Kupona

Munanisumbua na hii kisa ya goti kama vile sina kazi ingine. Basi nieleze mara moja, tumalize.

Nilikuwa ku benchi ya hospitali, hapa Lubumbashi. Pembeni yangu mama moja mwenye balipasua goti miezi sita imepita, pamoja na bibi ya mutoto wake mwanaume. Toka ile siku huyu bibi njo anafula manguo, anasonga bukari, anapangusa chini. Meza yake ya samaki kavu ku soko iko bule, hakuna mwenye kuuzisha.

Muganga alikuja na karatasi ya maulizo. Kwetu hakuna siri, banauliza mbele ya benchi yote.

"Mama, kupanda ngazi?"

Mama alimwangalia kwanza bibi ya mutoto na kona ya jicho. "Nguvu sana, dokta, nashindwa."

"Kupiga magoti?"

"Ee Mungu! Hata kuwaza tu inaniuma."

Muganga aliandika, akalinganisha na karatasi ya zamani, akakunja uso. "Mbele ya kupasua ulisema afazali, leo inazidi kuuma. Basi goti haikupona. Tutapasua tena."

Mama alipiga magoti pale pale, akasimama bila kushika ukuta. "Angalia, dokta! Iko muzuri!"

Karatasi iliuliza goti, lakini mwenye alijibu ni mama mukwe.

Bibi ya mutoto hakucheka. "Aksanti, mamu. Kesho narudia soko."

Juzi nilipita kwao. Mama alikuwa ku magoti, anapangusa barza yeye mwenyewe.